Distro ipi ya Linux kwa gemu kwenye kompyuta ya mezani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maswali haya yamezidi, hasa kutoka kwa watu wenye kompyuta nzima kabisa ambazo Windows 11 inazikataa. Distro ni toleo mojawapo la mfumo wa Linux, lililokusanywa na kupangwa na watu wake. Majibu yanahusu kompyuta ya mezani, ile ambayo unaweza kufungua kasha lake na kubadilisha kadi ya picha. Laptop zenye GPU (kadi za picha) mbili zina mambo yake na hazimo humu.

Nipe jibu la haraka. Niweke ipi?

Taja kwanza kadi yako ya picha. Kama ni AMD kuanzia RX 400 kwenda juu, au NVIDIA kuanzia GTX 16 kwenda juu, na intaneti yako haihesabiwi kwa megabaiti, weka Bazzite. Kama ni NVIDIA ya GTX 900 au GTX 1000, au mashine ni ya zamani, au unaishi kwa bando, weka Linux Mint. Kama unataka kuijua Linux yenyewe na terminali (dirisha la kuandika amri) haikutishi, chukua Fedora yenye KDE (muonekano wa dawati lake), au CachyOS.

Soma na sababu zake huko chini kabla hujafuta chochote, kwa sababu mashine yako inaweza isiingie sawasawa kwenye fungu lolote kati ya haya.

Kuna distro yenye kasi kuliko nyingine?

Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko watu wanavyoivumisha. Gemu ya Windows hupita njia ile ile katika kila distro. Steam, duka la gemu la kampuni ya Valve, huiwasha kupitia Proton, programu ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux, ambayo Valve iliitoa Agosti 2018 juu ya msingi wa Wine, mradi ulioanza 1993. Ndani ya Proton kuna DXVK, inayogeuza maagizo ya DirectX 8 hadi 11 (njia ya Windows ya kuzungumza na kadi ya picha) yawe ya Vulkan (njia inayofanya kazi kwenye Linux), na VKD3D-Proton inayofanya kazi hiyo kwa DirectX 12. Proton hiyo unaletewa na Steam yenyewe, haitoki kwenye distro. Mwenye Mint na mwenye Arch wanatumia kitu kile kile.

Kinachotofautiana ni upya wa kerneli (kiini cha Linux), wa Mesa (ndiko ziliko draiva huria za AMD na Intel) na wa draiva ya NVIDIA. Kwa kadi iliyotoka miaka mitano iliyopita, upya huo hauonekani kwa macho. Kwa kadi iliyoingia sokoni juzi, ndio unaoamua kama utapata picha au skrini nyeusi. Kwa hiyo umri wa kadi yako uwe na uzito kuliko video yoyote inayolinganisha fremu za distro kumi.

Gemu zangu zote zitacheza?

Hapa naomba utulie usome vizuri, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia baada ya kufuta Windows.

Gemu za kucheza peke yako karibu zote ziko sawa: The Witcher 3, Cyberpunk 2077, Red Dead Redemption 2, Baldur's Gate 3, Elden Ring, Football Manager 2024. Nyingine zina toleo lake halisi la Linux na hazihitaji hata Proton, kama Counter-Strike 2, Dota 2 na Euro Truck Simulator 2.

Tatizo liko kwenye gemu za mtandaoni zenye mfumo mkali wa kuzuia wadanganyifu. Easy Anti-Cheat na BattlEye zilifungua mlango kwa Linux mwaka 2021, lakini kila kampuni ya gemu huamua yenyewe kuruhusu au kukataa. Elden Ring iliruhusu. Fortnite imekataa. Valorant inatumia Vanguard, inayojikita ndani kabisa ya Windows, kwa hiyo haichezeki, na League of Legends ilipowekewa Vanguard hiyo hiyo mwaka 2024 ikapotea kwenye Linux. GTA Online ilifungwa Septemba 2024 ilipoingiza BattlEye, ingawa hadithi ya GTA V bado unaicheza. Call of Duty mpya na Battlefield 6 hazimo.

Kisa cha kukumbuka ni cha Apex Legends. Ilichezeka vizuri kwenye Linux tangu 2022, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 wenyewe wakaifunga. Hakuna distro iliyoweza kuwasaidia waliokuwa wakiicheza, na hakuna itakayoweza, maana kufuli lile liko upande wa kampuni.

Kwa wapenzi wa mpira habari si nzuri: FIFA 23 na EA Sports FC zilizofuata zinakuja na ulinzi wa EA ambao haukubali Linux. Haziwaki kabisa, hata ukitaka kucheza career yako peke yako. Kama jioni zako ni za FC na marafiki, bakiza Windows kwenye diski nyingine. Usimwamini anayekuambia kuna ujanja wa kuuzunguka. Akaunti yako inaweza kufungiwa.

Kabla ya kuamua lolote, andika orodha ya gemu unazocheza kweli, zile za mwezi huu, ukaiangalie kwenye tovuti mbili: ProtonDB, ambako wachezaji huandika gemu imewaendeaje na kwa kadi gani, na Are We Anti-Cheat Yet, inayofuatilia gemu za mtandaoni tu. Kwenye ProtonDB usiishie kwenye medali ya dhahabu au platinamu. Soma maoni ya karibuni ya mtu mwenye kadi inayofanana na yako.

Mwanangu anacheza Fortnite, Roblox na Minecraft. Nimwekee Linux?

Minecraft ya Java haina shida kabisa. Roblox huchezwa kupitia programu inayoitwa Sober, ambayo huendesha toleo la Android. Inafanya kazi, lakini haitoki kwa Roblox wenyewe, kwa hiyo siku wakibadilisha jambo utasubiri. Fortnite haichezeki. Kama Fortnite ndiyo anayoililia kila siku, mwachie Windows.

Kadi yangu ni NVIDIA. Kuna shida?

Shida za zamani zimepungua sana, ila lazima ujue kizazi cha kadi yako, kwa maana NVIDIA imeyagawa matoleo ya draiva kwa vizazi.

GTX 1650, 1660, na RTX zote kuanzia 2060 zinaendelea kupokea draiva mpya. Distro yoyote ya kisasa itakufaa. Ujue tu kwamba kwenye gemu nyingi za DirectX 12, NVIDIA bado hupoteza sehemu ya kasi ukilinganisha na Windows, hasara ambayo wenye AMD hawaioni kwa kiasi hicho.

GTX 900 na GTX 1000, yaani pamoja na 1050 Ti na 1060 ambazo zimejaa madukani, zinaishia kwenye draiva za tawi la 580. Kadi hizi bado zina maisha, ila zinataka distro isiyokimbilia toleo jipya. Desemba 2025 Arch ilihamia tawi la 590, na wenye kadi hizi waliosasisha bila kusoma tangazo wakajikuta hawana skrini ya picha mpaka waweke draiva ya 580 kwa mkono. Ndiyo sababu mwenye 1060 namwelekeza kwenye Mint: unafungua Driver Manager, unachagua draiva iliyopendekezwa, unawasha upya kompyuta, umemaliza. Bazzite nayo ina toleo lililotengwa kwa kadi hizi. Ukurasa wao wa kupakua unakuuliza kadi gani unayo, na ukijibu sivyo utapakua faili isiyokufaa.

GTX 600 na nyingi za GTX 700 zimebaki kwenye draiva ya 470. Hizo hazifikii Vulkan 1.3, ambayo DXVK inaidai tangu toleo la 2.0 la mwaka 2022. Proton za karibuni hazitakuendea. Usinunue kadi hizo kwa ajili ya Linux hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Na AMD?

Draiva imo tayari ndani ya kerneli na Mesa. Hakuna cha kusakinisha. RX 570 na 580 za mtumba bado ni chaguo jema kwa mwenye bajeti ndogo. Jambo moja la kuangalia: kadi mpya kama RX 9070, iliyotoka Machi 2025, inataka kerneli na Mesa za baada ya kutoka kwake, kwa hiyo nenda Bazzite, Fedora au CachyOS, usianze na distro yenye misingi ya 2024.

Nina Dell OptiPlex ya ofisini, ya mtumba. Inafaa?

Swali hili linaulizwa sana Dar es Salaam na Nairobi, na haki yake ni jibu refu.

Mashine hizi, OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, ni imara, na nyingi zilizopo madukani ni za Intel kizazi cha tatu hadi cha saba. Ndizo hasa zilizokataliwa na Windows 11, inayodai kizazi cha nane na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Linux inazipokea bila kinyongo. Lakini gemu zitategemea picha zinatoka wapi.

Ukitegemea picha za ndani ya prosesa, kizazi cha sita kwenda juu kina Vulkan kamili, na gemu nyepesi za Proton zitacheza. Kizazi cha tatu na cha nne hakina Vulkan iliyotimia. Hapo gemu nyingi zitakufa zikiwaka tu. Kwa gemu za zamani jaribu kuandika hivi kwenye Launch Options za Steam:

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Maana yake ni kuachana na Vulkan na kutumia OpenGL. Ni ya polepole, ila gemu za DirectX 9 mara nyingi huamka.

Njia bora ni kuongeza kadi. Kasha dogo la OptiPlex linataka kadi fupi ya kimo cha chini, na pawa yake haina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo tafuta isiyo na tundu la umeme juu yake. GTX 1650 ya kimo cha chini ndiyo ningeichukua mimi. RX 6400 nayo inaingia, na inakula umeme kidogo, lakini ina njia nne tu za PCIe (tundu la kadi kwenye ubao). Kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 inabanwa, na haina kifaa cha kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu zake mtandaoni aiache. GTX 1050 Ti inafaa pia ikiwa bei yake iko chini kwa mbali, kwa masharti ya draiva niliyoeleza juu.

Kabla ya kununua kadi, angalia RAM. Mashine nyingi huuzwa na kijiti kimoja cha GB 4 au 8. Weka viwili vinavyolingana. Picha za ndani ya prosesa hukopa RAM, na vijiti viwili huzifungulia njia pana zaidi. Utaiona tofauti siku hiyo hiyo. Kisha SSD. Distro kwa mashine hii: Mint, bila kusita.

Natumia bando. Distro ipi haitanimaliza?

Mint. Faili lake la kusakinisha ni la takriban GB 3, masasisho yake ni ya kiasi, na wewe ndiye unayebonyeza ukiwa tayari. Arch, CachyOS na ndugu zao hutoa vifurushi vipya kila siku. Ukikaa mwezi bila kusasisha, unakuta mlima. Bazzite hupokea sasisho kama taswira ya mfumo, na ingawa hushusha tabaka zilizobadilika tu, mara nyingi hufika gigabaiti na zaidi, tena hujisasisha yenyewe kimya kimya. Faili lake la kwanza nalo ni kubwa kuliko la Mint kwa mbali. Bazzite ni distro ninayoipenda, lakini kwa mtu wa bando siipendekezi.

Yapo mengine matatu yanayokula bando bila wewe kujua.

La kwanza ni sheda, yaani programu ndogo zinazoiambia kadi namna ya kuchora picha. Steam kwenye Linux hushusha sheda zilizokwisha kuandaliwa kwa kila gemu, na huzirudia kila zinapobadilika. Ingia Settings, kisha Downloads, uzime Shader Pre-caching. Gemu inaweza kukwama kidogo mara ya kwanza unapoingia eneo jipya, halafu inatulia.

La pili ni Steam ya Flatpak, aina ya kifurushi cha programu kinachokuja na mahitaji yake yote. Kama una NVIDIA, Flatpak hushusha draiva yake kando, mbali na ile ya mfumo, na kila draiva ikibadilika unalipia mara mbili. Kwenye Mint tumia Steam ya kawaida ya deb (kifurushi cha kawaida cha Mint na Ubuntu).

La tatu ni kupakua gemu upya wakati jirani yako anayo. Tangu Februari 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye mtandao wa ndani. Mnaunganisha kompyuta mbili kwenye ruta moja, hata kama ruta haina intaneti ya kasi, wote mmeingia Steam, na mwenye gemu anaruhusu kwenye Downloads, sehemu ya Game File Transfer over Local Network. Aliye kwenye Windows anaweza kumpa aliye kwenye Linux. Gemu ya GB 80 inapita kwenye waya wa LAN bila kugusa bando, isipokuwa maongezi mafupi na Steam.

Umeme ukikatika katikati ya sasisho?

Hapa Bazzite inashinda wote. Sasisho linaandaliwa pembeni, na mfumo unaotumia hauguswi mpaka uwashe upya. Umeme ukikatika, unawasha na kukuta mfumo wa jana ukiwa mzima. Hata sasisho likikamilika na kuleta kasoro, kwenye menyu ya kuwashia unachagua toleo lililotangulia.

Kwenye Mint ipo Timeshift, inayohifadhi nakala (picha) za mfumo ili uweze kurudi nyuma. Iwashe siku ya kwanza, kabla hata ya kuweka Steam, na ikiwezekana picha zake zikae diski nyingine. Sasisha saa ambazo umeme wenu umetulia. UPS ndogo ikipatikana, inunue kabla ya pedi ya pili.

Kwa nini nisiweke SteamOS yenyewe, kama ya Steam Deck?

SteamOS ya sasa, iliyojengwa juu ya Arch na kuja na Steam Deck Februari 2022, imelengwa kwenye vifaa vya AMD, hasa vya mkononi. Mwenye NVIDIA haimfai. Ukitaka sura ile ya kuwasha kompyuta na kuingia moja kwa moja kwenye Steam kwenye TV ya sebuleni, Bazzite ina toleo linalofanya hivyo.

Ubuntu, Pop!_OS, Nobara, Manjaro: mbona hujazitaja?

Ubuntu ni nzuri, ila duka lake la programu hukupa Steam ya Snap (aina ya kifurushi ya Ubuntu), na wahandisi wa Valve wenyewe walishauri watu waikwepe. Pakua deb kutoka tovuti ya Steam. Pop!_OS ya System76 ina faili lenye draiva ya NVIDIA tayari ndani, jambo la heri kwa anayeanza.

Nobara ni Fedora iliyopangwa kwa gemu na GloriousEggroll, yule yule wa Proton-GE, toleo la Proton lisilo la Valve. Kazi yake naiheshimu sana. Ni mradi wa watu wachache, na kwa kompyuta ya kutegemea kila siku ningekwenda Fedora au Bazzite. Manjaro siipendekezi, anayetaka Arch iliyorahisishwa achukue EndeavourOS au CachyOS. Debian ni imara mno, ila kwa kadi mpya itakuchelewesha.

Niiache Windows kando?

Mwezi wa kwanza, ndiyo. Weka Linux kwenye SSD yake yenyewe, hata ya GB 240, na wakati wa kusakinisha chomoa diski ya Windows ili usije ukafuta isiyo yako. Ukimaliza irudishe, na uchague ya kuwashia kupitia menyu ya BIOS.

Usichezee gemu za Linux moja kwa moja kutoka diski ya Windows. Proton huunda mafaili yenye majina ambayo Windows haiyakubali kwenye NTFS (mpangilio wake wa diski), na ikiwa Fast Startup ya Windows haijazimwa, Linux itaikuta diski imefungwa nusu. Nakili gemu kwenda kwenye diski ya ext4 au btrfs (mipangilio ya diski ya Linux).

Gemu zisizo za Steam je?

Za Epic na GOG tumia Heroic Games Launcher. Za CD, au faili la kusakinisha la zamani, tumia Lutris au Bottles. Kwa diski zako za PS2 kuna PCSX2, na kwa PSP kuna PPSSPP; zote mbili zina toleo halisi la Linux, na hata OptiPlex ya kizazi cha nne inamudu gemu nyingi za PSP.

Pedi?

Za Xbox kwa waya, PS4 na PS5 zinatambuliwa mara ukichomeka. Sony wenyewe walichangia draiva ya pedi ya PS5 kwenye kerneli mwaka 2021.

Gemu haiwaki. Nikiomba msaada nieleze nini?

Hakikisha kwanza kwenye Properties za gemu, sehemu ya Compatibility, umejaribu angalau Proton mbili: ya namba iliyo juu kabisa na Proton Experimental. Ikishindikana, kusanya haya: jina la distro na toleo lake, majibu ya amri hizi mbili,

lspci | grep -E "VGA|3D"
vulkaninfo --summary

(ya pili inahitaji kifurushi cha vulkan-tools), na faili la kumbukumbu unalolipata ukiandika hivi kwenye Launch Options kisha ukawasha gemu:

PROTON_LOG=1 %command%

Faili litaonekana kwenye folda yako ya nyumbani, jina lake likianza na steam- likifuatiwa na namba ya gemu. Litume zima, usikate mistari. Kama vulkaninfo imetaja llvmpipe peke yake bila jina la kadi yako, hauhitaji hata kungoja jibu: draiva haijakaa, na gemu inachorwa na prosesa. Rudi kwenye Driver Manager.